Behewa namba 12 na mlango uliofungwa kwa vilemba

MwanaMakupa

Asalaam aleikum jamaa, na habari za jioni kwa wengine wote.

Wiki jana nilikuwa Nairobi kwa harusi ya upande wa mke wangu. Siku ya kurudi tulikuwa na nusu siku nzima ya kungoja treni ya Madaraka ya usiku, nikamchukua mpwa wangu wa miaka tisa tukaenda makumbusho ya reli, kule jirani na stesheni ya zamani. Yeye alitaka injini kubwa. Mimi nilikuwa na langu: behewa namba 12.

Mliokulia nyumba za reli mwalijua. Marehemu babu yangu alikuwa gadi njia ya Mombasa na Nairobi, enzi za East African Railways. Akitoka safari ataoga, ataswali isha, kisha atakaa barazani pale Makupa na dele lake la kahawa, sisi wajukuu twamzunguka. Hadithi zake zote za reli, na kubwa kupita zote ni ya usiku wa Kima, tarehe 6 Juni 1900. Babu mwenyewe hakuwa amezaliwa. Aliipokea kwa wazee aliowakuta kazini, Wahindi na Waswahili, nao waliipokea kwa wengine.

Sasa kila mtu husimulia simba na Mzungu. Babu alisimulia mlango. Akifika hapo atavua kofia, atajifanya afunga kitu, atavuta fundo kwa meno. "Kwa kilemba!" atasema. "Mlango wa behewa la serikali umefungwa kwa kilemba!" Na kila mwaka idadi ya waliokuwa nyuma ya mlango ilibadilika. Mara wawili, mara wanne. Mwaka mmoja walifika saba, nyanya akamwambia lile ni behewa, si basi la Likoni.

Basi nilikwenda kuutafuta ule mlango. Nitaeleza, lakini kwanza nijue kuna watu humu au naongea na ukuta.

KahawaTungu

Tupo. Mkeka nimeshatandika. Endelea ami.

BintiKizingo

Behewa gani hilo jamani? Sisi wengine tumezaliwa reli yenyewe ishachoka. Anza mwanzo, na usituruke.

MwanaMakupa

Haya binti, shika kikombe.

Reli ilianza kujengwa hapa kwetu mwaka 1896. Nairobi ilifika Mei 1899, na ziwani Kisumu mwisho wa 1901. Kwa hiyo mwaka 1900 treni zapita Kima, ila njia bado mbichi, haijakaa sawa. Kima ni kistesheni kidogo, ukitoka huku wapita Sultan Hamud kwanza, kisha Kima, kisha Ulu.

Charles Ryall alikuwa mkubwa wa polisi wa reli. Alikuwa atoka Makindu aenda Nairobi ndani ya behewa lake la ukaguzi, ndilo hilo namba 12. Behewa la ukaguzi lilikuwa nyumba ya bwana: chumba chenye vitanda upande mmoja, chumba cha watumishi upande wa pili, na mlango katikati. Alikuwa na wageni wawili, Huebner Mjerumani na Parenti Mtaliano. Kufika Kima wakaambiwa kuna simba mla watu, ameonekana hapo hapo karibu na stesheni. Ryall akasema hatuondoki, tutamuua usiku huu. Behewa likakatwa kwenye treni, likasukumwa kwenye reli ya pembeni.

Wakapanga zamu, wa kwanza Ryall mwenyewe. Huebner akapanda kitanda cha juu. Parenti akatandika chini sakafuni. Ryall akakaa na bunduki dirishani, atazama giza. Akatazama sana. Mwisho akaona hakuna kitu, akajinyoosha kwenye kitanda cha chini, usingizi ukamchukua.

Simba muda wote huo alikuwa awatazama wao.

Akapanda vidaraja viwili vya behewa, akafika kibarazani. Mlango ulikuwa wa kuteleza pembeni juu ya vijireli vya shaba. Akausukuma, ukafunguka, akaingia. Na kwa sababu behewa lilikuwa limelala upande, mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake. Hebu pigia picha: giza, chumba hakifiki upana wa sebule yako, watu watatu na simba, mlango umefungwa.

Alimkanyaga Parenti pale chini ili amfikie Ryall. Huebner kule juu akaamka, akaona njia moja tu ya kutokea, mlango wa chumba cha watumishi. Na ili aufikie ilibidi aruke, na akiruka atatua juu ya mgongo wa simba, maana mnyama amejaa chumba kizima. Akaruka. Simba hakugeuka hata kidogo, alikuwa ameshashika alichokitaka.

Huebner kuuvuta mlango, haufunguki. Upande wa pili watumishi wameamka, wameushikilia kwa nguvu zao zote. Akavuta kwa nguvu za mtu anayekufa, ukaachia upenyo, akajipenyeza. Hajamaliza hata kuingiza mguu, wale wakavua vilemba wakaufunga tena. Mara wakasikia kishindo, behewa likatikisika: simba ametoka kwa dirishani, na Ryall mdomoni. Parenti akatokea dirisha la upande mwingine, mbio hadi jengo la stesheni.

Asubuhi mwili ulipatikana kama robo maili kutoka pale. Ukapelekwa Nairobi kuzikwa, na kaburi lipo mpaka leo katika makaburi ya South, na jiwe lake lasema wazi kwamba aliuawa na simba mla watu. Simba naye baadaye alinaswa mtegoni, wakamweka watu waje wamtazame, kisha wakampiga risasi.

Mzizima_Kwetu

Habari nzuri mkuu, lakini hawa si ndio wale simba wawili wa Tsavo? Wale waliokula watu 135?

MwanaMakupa

La. Hapa ndipo wengi huchanganya, hata waongozaji watalii.

Wa Tsavo ni wa 1898, pale daraja la mto Tsavo lilipokuwa lajengwa. Madume mawili yasiyo na manyoya ya shingo. Patterson, mhandisi wa lile daraja, aliwaua wote Desemba mwaka huo huo, na ngozi zao aliziuza Field Museum kule Chicago mwaka 1924, ndiko waliko mpaka sasa. Tsavo ni kama maili 130 kutoka Mombasa. Kima ni mbele zaidi, karibu mara mbili ya hapo. Yule ni simba mwingine, mwaka mwingine, watu wengine. Na hiyo 135 aliitaja Patterson mwenyewe baadaye, ila wanasayansi waliopima mifupa na manyoya ya simba wale walipata hesabu ndogo mno, kama 35 kwa wote wawili.

KambaWaUlu

Mimi ni wa huko. Kila mtu wa Mombasa nikimwambia natoka Kima ananiuliza kama ni kima ya sambusa. Na kuna wanaoapa kabisa kwamba stesheni ilipewa jina hilo kwa sababu mzungu alisagwa pale! Stesheni ilikuwa inaitwa Kima usiku ule ule simba anaingia. Acheni watu wa watu.

KahawaTungu

Na sambusa je? 😂

KambaWaUlu

Sambusa sina tatizo nazo.

Fundi_Changamwe

Nimesoma kimya kimya, sasa niseme kidogo kuhusu ule mlango wa kuteleza, maana najua kuna mtu ataleta habari za majini.

Nimefanya kazi ya mabehewa miaka mingi, nimestaafu. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja kamili. Mwili wa behewa ni mpana kuliko reli, watokeza nje pande zote mbili. Kwa hiyo behewa la namna hii hulala upande kirahisi kuliko la reli pana. Sasa liweke kwenye reli ya pembeni iliyotandikwa juzi, udongo haujakaa, taruma za upande mmoja zimetitia. Tayari limeinama. Halafu ongeza simba. Dume hupata kilo 150 mpaka 220, na amesimama pembeni kabisa, kibarazani, juu ya ngazi. Springi za kona ile zinabonyea. Mlango umesimama kwenye shaba iliyopakwa mafuta. Utafanya nini zaidi ya kuteleza?

Sisi tulikuwa tunajua hilo bila simba. Ukifungua mlango wa kuteleza kwenye behewa lililosimama penye pinda, weka kabari. Kijana mmoja wa zamu yetu hakuweka, mlango ukamrudia vidole viwili. Alikuwa mpiga zumari mzuri sana.

BintiKizingo

Fundi!! Si ungetuachia simba peke yake.

Mzizima_Kwetu

Swali langu ni moja. Wale watumishi walimfungia mwenzao mlango. Huebner angekufa pale kwa sababu yao. Hapa tunawapigia makofi?

KahawaTungu

Mimi ningeufunga kwa kilemba, mshipi, na nanga ya jahazi kama ipo.

MwanaMakupa

Mzizima, hilo swali tulimuuliza babu. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeuliza, na alidhani amembana.

Babu alimuuliza: zamu ilikuwa ya nani?

Basi. Babu alikuwa gadi. Kwa gadi hakuna kosa kubwa kuliko kulala kwenye zamu, kwa sababu nyuma yako kuna watu waliolala wakikuamini wewe uko macho. Ryall ndiye aliyesema tubaki. Hao wa chumba cha nyuma hawakuulizwa kama wataka kulala Kima. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na mlango na vilemba vyao. Na tena kilemba, mtu hakivui ovyo mbele ya watu. Babu alilirudia hilo sana, kwamba walikivua.

Mimi nimeisikia hadithi hii mara hamsini, nimeisoma pia, na kila mahali majina ni matatu. Ryall, Huebner, Parenti. Waliofunga mlango wanaitwa makuli tu, hata idadi hakuna, ndiyo maana babu alikuwa huru kuwaongeza kila mwaka.

Mzizima_Kwetu

Nimekuelewa. Lakini bado ningemfungulia.

KahawaTungu

Hungemfungulia.

Ndia_Kuu_Mzee

Vijana, salamu. Mwasema hakuna jina lililobaki la vibarua wa reli. Walioletwa kutoka Bara Hindi walikaribia 32,000, na waliokufa walikuwa kama 2,500, na ni kweli wengi wametoweka hivyo. Lakini mkipita Mackinnon Road kwa barabara, mwaona ule msikiti kando ya reli? Hapo amezikwa Seyyid Baghali Shah. Hadithi yake ni kwamba alikuwa kibarua wa reli, na karai la udongo alilobeba lilikuwa halimgusi kichwa, laelea juu yake. Madereva wa malori husimama hapo, Waislamu na wasio Waislamu, wasome dua, watoe sadaka, waendelee. Marehemu mama yangu hakukubali safari ya bara isiyosimama pale.

Kuamini karai si lazima. Lakini jina lake latajwa kila siku na watu ambao hawajui hata mmoja kati ya wahandisi wa ile reli.

Na kabla sijasahau. Kabla ya reli yenu hiyo, Mombasa tulikuwa na nyingine. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyokuwa na mamlaka hapa ilitandika reli nyembamba ya kwendea bara, ikaishia maili chache. Zile reli zikarudishwa kisiwani, zikawa za vigari vya kusukumwa na watu. Bwana amekaa kwenye kibenchi chini ya mwavuli, vijana wawili nyuma wakimbia wasukuma, kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini. Vilidumu mpaka miaka ya 1920 hivi, magari ya mota yakaviondoa. Baba yangu alivikuta utotoni. Alisema mteremko ukifika, wasukumaji nao hudandia.

BintiKizingo

Hii ya vigari sikuwahi kuisikia na nimezaliwa hapa hapa. Wallahi shule zilitufundisha nini?

Ami, bado hujasema. Mlango uliuona?

MwanaMakupa

Naja. Wageni wameingia, nitandike meza kwanza.

MamaSalma_Tudor

Mkimngoja yeye, mimi niseme ya treni ya usiku, maana simba mmemaliza.

Nilisafiri mara ya kwanza na mamangu, nikiwa darasa la pili, daraja la tatu. Stesheni ya pale juu ya Haile Selassie ilikuwa imejaa kama Idi. Benchi za mbao, kapu la mahamri na viazi vya karai limewekwa miguuni, na mama amenifunga leso kiunoni ameishika ncha, kama mbuzi, nisipotee. Treni yaondoka jioni. Makupa pale unavuka maji, jua lazama upande wa Port Reitz, kila mtu yuko dirishani apunga mkono hata asiye na wa kumpungia. Baada ya Mazeras giza, na baridi ya bara yaanza kidogo kidogo. Voi usiku mwingi, wauza mayai na chai wapita nje na taa zao, mikono yapita dirishani huku na huku, chenji hutupwa treni ishaanza kwenda.

Nilikuja kupanda daraja la kwanza mara moja tu, nimeshaolewa. Huko mtumishi alipita ukumbini agonga kimarimba kidogo kuita watu chakula. Meza zina vitambaa vyeupe. Karai la kunawia ndani ya chumba, la chuma king'aacho. Nikalala kwenye shuka zilizopigwa pasi. Na usiku kucha sikupata usingizi, nilikumbuka ile leso.

Mzizima_Kwetu

Mama, umenikumbusha mzee wangu. Yeye alitoka Moshi, akapitia Taveta mpaka Voi, akaunganisha treni ya Mombasa kuja kutafuta kazi bandarini. Ile njia ya Voi ilijengwa wakati wa vita ya kwanza, ndipo reli ya Mjerumani ya kutoka Tanga ikaungana na ya Mwingereza. Zote za mita moja, ndiyo maana iliwezekana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na shirika la reli likavunjika nayo, mzee alisema alihisi kama mtu amekata kamba ya nguo yeye akiwa bado anaanika.

KahawaTungu

Na zile behewa za Mama Salma ziko wapi sasa? Hilo ndilo mimi nataka kujua. Namba 12 limetunzwa kwa sababu ya simba. Lisingekuwa na simba lingekuwa vitanda vya watu.

Fundi_Changamwe

Umesema kweli bila kujua. Ngoja nikueleze.

Treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ilikoma Aprili 2017, Madaraka ikazinduliwa tarehe 31 Mei. Mpya ina upana wa milimita 1,435. Ya zamani 1,000. Behewa la zamani hata ulipake rangi ya dhahabu halisimami kwenye reli mpya. Machache yalitengenezwa upya, yakarudishwa kazini bara: treni ya Nanyuki Desemba 2020, na ya Kisumu Desemba 2021. Hayo yamepata bahati.

Mengine yalishakufa zamani, hata kabla. Behewa likiandikiwa kufa kwanza hutolewa bogi, maana magurudumu na ekseli vina kazi kwingine. Mwili ukibaki huwekwa juu ya mataruma makuukuu, ukawa stoo, au nyumba ya gengi la njia. Watu wanalala mle miaka. Mvua inaingia kwa paa, mtu anatia lami. Mwisho wanakuja wa vyuma chakavu na mtungi wa gesi, chasisi inakatwa vipande vya kubebeka. Mbao ndiyo husafiri mbali kuliko zote. Za zamani kabisa zilikuwa za msaji, haziliwi na mchwa, ukizipiga randa leo zinanukia kama zimekatwa jana. Nimeona milango ya nyumba, vitanda, hata kasha la maiti la msikiti mmoja.

Nina moja ya kwangu. Miaka ya themanini tulikuwa tunakarabati behewa la daraja la pili, vitanda vinne kila chumba. Mimi kijana, nimetoka kuoa, nikachukua msumari nikachora herufi za jina langu na za mke wangu chini ya ubao wa kitanda, pale ambapo mtu haoni labda alale sakafuni. Tukapiga vanishi, likaenda zake.

Miaka ishirini na zaidi imepita. Niko Mazeras, nimeingia kibandani kunywa chai. Mama wa pale ana rafu ya vikombe nyuma yake. Naitazama tu, jicho la kazi. Naona matundu manne ya skrubu, mawili juu mawili chini. Hiyo ndiyo nafasi ya kibao cha namba ya kitanda, naijua hata usingizini. Nikamwomba nipapase chini ya rafu. Akadhani nimelewa. Nikapeleka kidole polepole, moshi na mafuta vimeganda, halafu nikazipata. Zote. Herufi ya mke wangu imebonyea zaidi, nilikuwa nimekazia msumari.

Nilimwambia mama, rafu hii nauziwa kiasi gani? Akasema haiuzwi, vikombe nitaviweka wapi? Nikanywa chai ya pili.

BintiKizingo

Fundi mimi nalia hapa kazini.

MamaSalma_Tudor

Mkeo ulimpeleka akaione?

Fundi_Changamwe

Nilimpeleka. Alisema herufi yake mbaya.

Ndia_Kuu_Mzee

Wanawake wa Mombasa.

MwanaMakupa

Nimerudi, wageni wameondoka. Nakuta Fundi amenipora uzi wangu, na nimempa.

Haya, makumbusho. Ilifunguliwa mwaka 1971, wakati treni za moshi zinakwisha na watu wachache wenye akili wakaona kuna vitu visikatwe. Uwanjani kuna injini namba 5918, Mount Gelai, ile injini kubwa ya moshi ya aina ya Garratt. Mpwa wangu aliisimamia magurudumu yakampita kichwa. Zilitengenezwa 34 za aina ile, Manchester, mwaka 1955 na 1956, kila moja ina jina la mlima wa Afrika Mashariki, uzito tani 250 na ushei. Hakuna reli ya mita moja duniani iliyokuwa na injini kubwa kuliko hizo, na kazi yao ilikuwa njia hii yetu, kupanda kutoka baharini. Babu alisema ikipanda Mazeras usiku nyumba za watu zatetemeka. Pia kuna kile kibenchi cha mbele ya injini walichokuwa wakikalia wakubwa kutazama wanyama, kama Roosevelt wa Marekani alivyofanya Aprili 1909 alipotoka hapa Mombasa. Mpwa akauliza kama simba hawangeweza kumruka pale mbele. Swali zuri. Nikamwambia twende, nikuonyeshe kitu.

Tukafika namba 12. Nilisimama kimya. Nilidhani litakuwa kubwa. Wallahi ukisikia hadithi tangu utotoni, behewa hukua nawe, na mimi nina miaka 51. Nikalitazama dirisha, nikajaribu kumpitisha simba na mtu akilini, sikuweza. Mbao zimekauka, zina mikunjo kama mkono wa mzee. Nikaweka kiganja juu yake, za moto kwa jua.

Mpwa nilimsimulia yote pale pale, na kofia nikavua, na fundo nikavuta kwa meno, watu wakitutazama. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha hakuuliza simba. Aliuliza: "Wao walilala wapi?"

Nikamwonyesha upande wa nyuma. Lakini tulikuwa tumechelewa, watu walikuwa wafunga, na kwa pale tulipokuwa kuchungulia kwa dirishani tuliona kipande cha sakafu na giza. Mlango wa ndani sikuuona. Nimesafiri kilomita mia tano nimeona sakafu.

KahawaTungu

Yaani umetuweka siku tatu kwa sakafu??

MwanaMakupa

Ndiyo. Nilisema nilikwenda kuutafuta, sikusema niliupata.

Mzizima_Kwetu

Walikuwa wangapi nyuma ya mlango, kwa hesabu yako wewe?

MwanaMakupa

Kwa mpwa nilisema watano.

MamaSalma_Tudor

Mimi nina kijiko kutoka gari la chakula la East African Railways and Harbours, kimepigwa chapa EAR&H. Sitasema kilifikaje nyumbani. Mume wangu marehemu alisema kilimfuata.

Fundi_Changamwe

Mama Salma, usikisugue kwa majivu, chapa itafutika. Tumia ndimu na kitambaa.

MwanaMakupa, ukipanga tena niambie mapema. Nina tochi ndefu ya kazini, na ule mlango hata kama umebadilishwa, fremu itakuwa na alama. Kitambaa kikivutwa kwa nguvu kwenye mbao laini huacha mkwaruzo. Nitaujua.

MwanaMakupa

Mwezi ujao, shule zikifungwa. Mpwa ameshaomba aje na kilemba.